Mama Mjamzito Apunguziwe Mzigo

Msimu wa mvua unapokaribia katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, kila nyumba huhesabu majembe yake. Mvua huanza Oktoba au Novemba, na tangu hapo hadi mwezi wa Mei hapana mtu mwenye nguvu abakiaye nyumbani bila sababu. Mahindi yapandwe, maharage yapandwe, mihogo ipaliliwe. Kagerankanda, kama vilivyo vijiji vingi vya Uha, ina mashamba yaliyo mbali na nyumba, na njia za kwendea huko ni za kupanda na kushuka. Mtu apitaye njia hizo alfajiri hakosi kumwona mama mwenye mimba ya miezi saba au minane, jembe begani, na mtoto wake wa kabla ya huyo ajaye akimfuata nyuma. Akitazama vema ataona pia kwamba mama huyo hatembei kama wenzake. Hatua zake ni fupi, anayumba upande huu na upande huu, na afikapo penye mteremko husimama kwanza, akajishika kiuno, ndipo akaendelea.

Akiulizwa ana nini, atajibu kwamba ni mimba tu. Mumewe akiulizwa, atajibu hivyo hivyo. Na mara nyingi, jambo ambalo latusikitisha zaidi, mhudumu wa zahanati naye hujibu vivyo hivyo, akaandika uzito na shinikizo la damu katika kadi, akampa vidonge vya kuongeza damu na kumwita anayefuata. Ni jibu hilo la "mimba tu" tunalotaka kulipinga leo katika safu hii, kwa maana limewagharimu akina mama wetu mateso mengi ambayo hayakuwa ya lazima.

Maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito ni ugonjwa unaojulikana, una sababu zake na una njia zake za kutulizwa. Fupanyonga la binadamu si mfupa mmoja. Ni mifupa iliyounganishwa mbele, kwenye kinena, na nyuma, pande mbili za mwisho wa uti wa mgongo, kwa kano imara ambazo siku za kawaida haziruhusu mifupa hiyo kusogea ila kidogo sana. Mwanamke ashikapo mimba, mwili wake hutoa homoni ambazo hulegeza kano hizo polepole, ili njia ya mtoto iwe tayari siku itakapofika. Ndivyo Muumba alivyopanga, na kwa wengi mambo huenda salama. Lakini kwa wengine mifupa hiyo, ikiwa imelegea na huku uzito wa tumbo ukiongezeka kila juma, huanza kusuguana na kuvutana isivyo sawasawa. Hapo ndipo maumivu huja: kwenye kinena, kwenye matako, huku yakishuka mapajani. Huzidi mama anapotembea, anapopanda kilima, anaposimama kwa mguu mmoja ili avae nguo, na usiku anapotaka kugeuka kitandani. Wapo wanaosikia hata mlio ndani ya kiungo. Waganga waliolichunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wamekadiria kwamba huwapata kama mmoja kati ya kila wajawazito 5, na kwamba wanaoelekea kupatwa zaidi ni wale waliowahi kuumwa mgongo au kuumia nyonga, waliozaa mara nyingi, na wenye kazi nzito.

Msomaji wa Kagerankanda na ayasome tena maneno hayo ya mwisho. Waliozaa mara nyingi, na wenye kazi nzito! Ni kana kwamba waganga hao walikuwa wamekaa kando ya njia zetu wakiwahesabu akina mama wapitao.

Yafaa ieleweke kwamba maumivu haya hayamdhuru mtoto aliye tumboni, na akina mama walio wengi hupona katika miezi inayofuata uzazi. Pengine ni kwa sababu hiyo yamedharauliwa. Tumezoea kuvipima vitu vya uzazi kwa kifo. Katika jambo hilo Mkoa wa Kigoma una historia ambayo haufai kuionea haya. Kati ya mwaka 1984 na 1991, katika hospitali ya mkoa ya Maweni, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walipunguza vifo vya akina mama kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186, na hawakufanya hivyo kwa mitambo ya gharama kubwa. Walitengeneza vifaa vilivyokuwa vimeharibika, wakahimiza watu kutoa damu, wakarekebisha mwenendo wa kazi na kutumia kile kilichokuwapo mkoani. Kazi yao imesomwa na waganga wa mataifa mengi. Tangu mwaka 2006 vituo vya afya kadhaa vya mkoa huu viliongezewa uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi, na hivyo mama wa kijijini hana tena lazima ya kufikishwa Kigoma mjini kila apatapo shida. Hayo yote ni mema. Lakini mama ambaye hakufa, bali alitambaa kwa magoti kwenda chooni kwa miezi mitatu, huyo hakuhesabiwa na mtu. Hakuna aliyemwuliza.

Na kwa kuwa haulizwi, hujitafutia nafuu mwenyewe. Hapa ndipo penye hatari tunayotaka kila nyumba iifahamu.

Njia ya kwanza anayoikimbilia ni duka la dawa. Huingia, akaeleza kwamba kiuno na nyonga vinamuuma, na mara nyingine, ama kwa kuona haya ama kwa kuwa nguo zimeificha mimba, hasemi kwamba ni mjamzito. Hupewa diklofenaki, au dawa nyingine ya jamii hiyo, ambayo ni dawa nzuri kwa mtu aliyeteguka mguu. Kwa mjamzito si nzuri. Baada ya juma la 20 la mimba dawa za jamii hiyo zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Na katika miezi mitatu ya mwisho zaweza kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao haupaswi kufungwa mpaka atakapokuwa amezaliwa na kuvuta pumzi. Dawa ya maumivu ambayo waganga huiruhusu kwa kawaida ni parasetamoli, nayo kwa kipimo cha kawaida na kwa siku chache, baada ya kumwuliza mhudumu. Tunawaomba wenye maduka ya dawa waulize swali moja kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa kabla ya kunyoosha mkono rafuni: je, una mimba? Swali hilo halipunguzi faida ya duka.

Njia ya pili ni miti shamba. Sisi si miongoni mwa wale wanaoidharau elimu ya wazee wetu, na tunajua kwamba bibi aliyekanda kiuno cha mjamzito kwa mikono laini na maji ya uvuguvugu amewatuliza wengi. Mikono hiyo iendelee, mradi isikandamize tumbo. Lakini kumkanda mtu na kumnywesha ni mambo mawili mbalimbali. Zipo dawa za kienyeji, katika mkoa huu na katika mikoa mingine, ambazo kazi yake ni kuchochea uchungu wa kuzaa. Dawa hizo, zikinywewa na mama wa miezi saba aliyetaka tu kupunguza maumivu ya nyonga, zaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na zikinywewa na mwenye kovu la upasuaji zaweza hata kupasua mji wa mimba. Hakuna anayepima kipimo chake. Bibi huyo huyo akande, asinyweshe.

Njia ya tatu ni kunyamaza, nayo ndiyo ifuatwayo na walio wengi. Tunao msemo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Msemo huo ulikusudiwa kumheshimu mama, lakini umegeuzwa kuwa kamba ya kumfunga mdomo: kwa kuwa ni yeye aujuaye, basi na akae nao.

Je, nafuu ya kweli iko wapi? Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa huduma za wajawazito mwaka 2016 halikuyapuuza maumivu ya mgongo na nyonga. Lilishauri mazoezi ya mwili ili kuyakinga, na kwa aliyekwisha kupatwa likataja tiba ya viungo, mikanda ya kushikilia nyonga, na hata ile tiba ya sindano ya Wachina. Msomaji atacheka, aseme kwamba mtaalamu wa viungo hapatikani Kagerankanda, naye atakuwa anasema kweli: wataalamu hao ni wachache katika nchi yetu na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Lakini sehemu kubwa ya yale ambayo mtaalamu huyo angemwambia mama yaweza kusemwa na muuguzi yeyote kwa dakika kumi, chini ya mwembe wa zahanati.

Angemwambia aketi anapovaa nguo, asisimame kwa mguu mmoja. Angemwambia kwamba anapotaka kugeuka kitandani ayabane magoti yake pamoja, ageuke mzima mzima kama gogo, na kwamba alale kwa ubavu huku ameweka kitenge kilichokunjwa baina ya magoti. Angemwambia apige hatua fupi, asimbebe mtoto kwa ubavu mmoja wa nyonga, na mzigo mdogo usioepukika augawe mikono miwili badala ya kuubeba kwa mkono mmoja. Angemfundisha kuikaza na kuilegeza misuli ya chini, kama mtu azuiaye mkojo, mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa ndiyo inayosaidia kuishikilia mifupa iliyolegea. Na kuhusu mkanda, mama wa Kiswahili hana haja ya kuagiza wa Ulaya. Kitenge au kanga imara, ikikunjwa upana wa kiganja na kufungwa kwa kukaza kuzunguka nyonga zenyewe, chini ya tumbo wala si juu yake, huwapa baadhi ya akina mama nafuu wanapotembea. Isipompa nafuu, au ikimwumiza, aifungue.

Angemweleza pia ni maumivu gani yasiyo ya nyonga. Mama aonaye damu, au maji yakimtoka. Mwenye homa, au anayeungua anapokojoa. Ambaye tumbo lake linakaza na kulegea kwa vipindi kabla ya miezi kutimia. Au ambaye miguu imekufa ganzi na mkojo haushikiki, huyo asikae nyumbani kufunga kanga. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na mwenye maumivu ya nyonga amwarifu mkunga wake mapema, ili siku ya kujifungua asilazimishwe kulala chali miguu ikiwa imetanuliwa kupita kiasi. Aweza kuzaa akiwa amelala ubavu au amepiga magoti na kushika chini, na wengi wa wenye ugonjwa huu huzaa kwa njia ya kawaida bila taabu nyingine.

Hayo ni ya kliniki. Lakini hatungekuwa wakweli tukiishia hapo, kwa sababu dawa kuu ya nyonga iliyolegea ni kuipunguzia kazi, na kazi haigawiwi na muuguzi. Inagawiwa nyumbani.

Fikirini hesabu hii ndogo. Ndoo ya lita 20 ya maji ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Mama apandaye kilima nayo mara tatu amebeba kilo 60, juu ya nyonga ambazo tayari zinabeba mtoto. Kisha kuna kuni. Kisha kuna jembe, na kulima kwa kuinama ni kazi inayoyatikisa maungio yale yale ya nyuma. Mama aliyeshika mimba mwezi wa Machi hufikia miezi yake mizito kati ya Oktoba na Desemba, yaani wakati ule ule wa kulima na kupanda. Na akijifungua Desemba, palizi inamngojea kabla ya arobaini kwisha.

Huku baba naye ana baiskeli. Katika vijiji vyetu baiskeli moja hubeba madumu mawili au matatu ya maji, na huyabeba kila siku, pale yanapokuwa ni ya kuuza. Bado hatujaelewa kwa nini maji ya kuuza ni kazi ya mwanamume mwenye heshima zake, na maji ya kunywa yeye na watoto wake ni kazi ya kike. Wako wanaume wachache ambao hawaoni haya kuchota maji wakati wake zao ni wajawazito, na tunajua wanachosemwa vilabuni. Tunawapongeza. Wanaowacheka ndio wanaopaswa kuona haya.

Jambo hili si geni katika siasa ya nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wote, na likawalaumu wanaume wa vijijini kwa kuishi nusu ya maisha yao katika likizo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma, na watu wa mkoa huu wakahamishwa kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa vijijini. Waliambiwa kwamba wakikaa pamoja itakuwa rahisi kuwaletea maji, shule na zahanati. Watu walihama, wengine kwa hiari na wengine bila hiari, wakaacha migomba yao. Wazee waliohamishwa siku hizo bado wapo, na kila mama apandaye kilima na ndoo ni mjukuu wa ahadi ile. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka pawepo kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka katika nyumba iliyo mbali zaidi, na mwaka 2019 Serikali iliunda RUWASA ili kuisimamia kazi ya maji vijijini. Tunazitambua juhudi hizo. Hata hivyo bomba ambalo limekauka kwa sababu pampu imekufa lina umbali sawa na ule wa kijito cha bondeni, na tungependa wahandisi wa maji wanapopanga ni kijiji gani kitengenezewe kwanza waweke akilini kwamba wanatoa pia huduma ya wajawazito.

Ndugu zetu wa mijini nao watazame tofauti iliyopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Aweza kuianza majuma 4 kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua, tena haruhusiwi kufanyishwa kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho. Ni sheria nzuri. Karani wa Kasulu mjini anafaidika nayo, na mwalimu wa shule anafaidika nayo. Mama mkulima, ambaye kazi yake ni nzito kuwapita wote hao, hana mwajiri wa kumpelekea barua. Mwajiri wake ni mumewe, mama mkwe na shamba. Bunge haliwezi kuandika sheria itakayoingia ndani ya kila nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo inayoweza kuiandika.

Tuna pendekezo moja ambalo halihitaji fungu la fedha. Kwa miaka mingi sasa akina baba wamekuwa wakihimizwa kuwasindikiza wake zao katika siku ya kwanza ya kliniki, ili wapimwe pamoja virusi vya UKIMWI. Basi siku hiyo, baba akiwa ameketi pale kwenye benchi na hana pa kukimbilia, muuguzi amweleze kwa dakika tano habari za nyonga za mkewe: kwamba kuanzia mwezi fulani asichote maji kilimani, asibebe kuni, na asilime kwa kuinama kutwa nzima. Maneno hayo yakitoka kwa mke ataitwa mvivu. Yakitoka kwa mtumishi wa Serikali aliyevaa sare, yatakuwa ni agizo la daktari, na mama mkwe naye atayasikia. (Tunatahadharisha tu kwamba mama asiye na mume, au ambaye mumewe amekataa kuja, asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Kliniki ni yake yeye na mtoto.)

Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao hupita nyumba kwa nyumba, wanaweza kuirudia habari hiyo kabla ya msimu. Nayo mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, inao mkutano mmoja kabla ya mvua kuanza. Katika mkutano huo hupangwa siku za kusafisha visima na mipaka ya malisho. Tungependa kusikia kwamba Kagerankanda imepanga pia, kwa kila kitongoji, ni kina nani watakaowachotea maji wajawazito wa miezi ya mwisho ambao hawana mtu wa kuwasaidia, na majina hayo yaandikwe katika muhtasari pamoja na ya wale watakaosafisha visima.